Uyoga Usio na Jina Hauingii Kikapuni

Kamwene!

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nashukuru kwa kunipa nafasi hii asubuhi ya leo. Nafurahi zaidi kuona mmekuja na vikapu vyenu. Mvua za juzi zimeamsha vitu huko msituni, na najua wengine wenu mkitoka hapa mnaelekea huko huko. Mezani mbele yangu mnaona mabakuli matano yamefunikwa juu ya karatasi. Naomba asiyafunue mtu kwa sasa. Yana kazi yake, tutayafikia.

Kwa wasionifahamu, mimi ni mwalimu mstaafu wa biolojia. Nimezaliwa Namtumbo, kule Ruvuma, na hapa Mafinga nimeishi tangu mwaka 1998. Nikitazama nyuso zilizopo naona sipo peke yangu niliyekuja. Wapo waliotoka Songea, Tabora na Kigoma, wapo waliozaliwa Dar es Salaam wakafuata kazi ya mbao. Hilo la kuhama ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Nianze na daftari.

Mwaka 1986 nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu, mji wa mbali na kwetu, mji wa joto. Masika yalikuwa yameanza. Jioni moja nilipita kando ya uwanja wa mpira nikaona uyoga mweupe, mkubwa, kofia pana kama sahani, umejipanga kwenye majani mafupi kwa mstari uliopinda, kama duara ambalo mtu ameacha kulifunga. Moyo uliruka. Tangu nitoke kwa bibi nilikuwa sijaonja uyoga, na pale mbele yangu niliona uyoga wa mchwa kabisa, ule wa kwetu. Nikaukata, nikajaza khanga, nikawaita wenzangu watatu wa chumba kimoja.

Mmoja aliuliza, "Una hakika nao?"

Nikamjibu, "Mimi nimekulia kwenye uyoga."

Tukaupika kwa nyanya na kitunguu, tukaula na ugali. Ulikuwa mtamu sana. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu watu wengi wanaamini kwamba sumu itajitangaza mdomoni, itakuwa chungu au itawasha. Ule haukuwasha. Tulikwangua sufuria.

Baada ya saa mbili hivi wa kwanza alitoka nje mbio. Kabla hajarudi tulikuwa tumeshamfuata. Tulitapika na kuharisha usiku kucha, wote wanne, na yule mwenzetu mwenye mwili mdogo kuliko sote akafika mahali hawezi kusimama. Alibebwa kwa baiskeli hadi kituo cha afya, akawekewa dripu. Alipona, na sisi tukapona. Lakini hadi tunamaliza chuo hakuwahi tena kula kitu nilichopika mimi, na sikuwahi kumlaumu.

Kofia moja ilikuwa imebaki bila kupikwa. Nilikuwa nimeiweka juu ya daftari langu la jiografia, kwenye ukurasa mtupu. Kesho yake niliporudi chumbani nikaiokota niitupe, na chini yake, kwenye karatasi nyeupe, palikuwa na mchoro. Mistari myembamba sana, mingi, imetawanyika kutoka katikati kama miale ya jua. Na mistari ile ilikuwa ya kijani. Kijani kilichofifia, kama sare ya mgambo iliyofuliwa mara nyingi.

Nimefundisha biolojia miaka 31, na sijapata ukurasa mwingine wowote ulionifundisha kama ule.

Uyoga ule wanasayansi wanauita *Chlorophyllum molybdites*. Unapenda majani mafupi: viwanja vya mpira, bustani za maofisini, nyua za shule, malisho. Ndio uyoga wa sumu unaowalaza watu wengi sana katika nchi za joto, kwa sababu unafanana na vitu vizuri. Vumbi lake la mbegu, lile lililodondoka kutoka kwenye kofia likachora daftari langu, ni la kijani, na katika uyoga wenye kofia na mguu kijani hicho ni nadra mno. Ila ukiwa mchanga, ukiugeuza chini ya kofia, zile karatasi nyembamba zilizopangana kama kurasa za kitabu, tunaziita matamvua kama yale ya samaki, bado ni nyeupe safi. Ukijani huja baadaye, ukizeeka. Mimi niliukata ukiwa katika ujana wake, siku ambayo unadanganya vizuri kuliko siku zote.

Sasa niwaambie kwa nini nilidanganyika, maana sikuwa mjinga wa uyoga. Bibi yangu mzaa mama alinifundisha tangu nikiwa na miaka mitano au sita. Yeye mwenyewe hakuwa na mazoea ya kusema "uyoga" tu. Alikuwa na majina, na kila jina lilikuwa la mmoja. Ukimletea kitu ukamwuliza, "Bibi, huu unaliwa?" hakukujibu ndiyo wala hapana. Alikuuliza yeye: Umeutoa wapi? Chini ya mti gani? Ulikuwa peke yake au na wenzake? Umeuchimba au umeukata? Ukishindwa kujibu, uyoga ule aliutupa hata kama alikuwa anaufahamu. Na kama ulikuwa mgeni kwake alisema, "Uyoga usio na jina hauingii kikapuni." Basi. Hakuuonja kidogo kwa majaribio, hakumpa mbwa, hakuuchemsha mara tatu.

Kosa langu pale uwanjani lilikuwa hili: niliitambua sura nikasahau kuuliza nyumba. Bibi alinifundisha uyoga wa Namtumbo. Hakunifundisha uyoga wa uwanja wa mpira wa mji ambao hakuwahi kufika. Ujuzi wa uyoga umefungwa na mahali, ndugu zangu. Wewe ukihama, sehemu kubwa ya ujuzi huo inabaki nyuma, lakini macho yako hayajui kwamba ujuzi umebaki. Yanaendelea kuona vitu vya nyumbani.

Nieleze nyumba ni nini, kwa sababu si maneno ya hadithi.

Chukueni uyoga wa mchwa. Mchwa wale wa vichuguu vikubwa hawawezi kumeng'enya vizuri miti na majani makavu wanayokusanya. Wanayatafuna, wanayapeleka chini, wanayajenga kama sega la nyuki lenye mashimo, halafu juu ya sega hilo wanalima kuvu. Kuvu analainisha ule mti, nao wanakula. Ni kilimo hasa: wanapanda, wanapalilia kuvu wengine wasiingie, wanavuna. Na si kilimo cha juzi. Huko Rukwa, jirani zetu hapa, watafiti wamekuta ndani ya mwamba vichuguu vilivyogeuka mawe vikiwa bado na bustani zake za kuvu, vya miaka milioni 25 iliyopita. Walitangaza ugunduzi huo mwaka 2016. Kabla binadamu hajajua jembe, mchwa wa Rukwa walikuwa wanalima uyoga.

Kwa hiyo mvua ikija na kuvu yule akitaka kutoa kofia zake juu ya ardhi, safari yake inaanzia kwenye lile sega, huko chini. Lazima apande. Anatoa mguu mrefu unaopita kwenye udongo kama mzizi, wakati mwingine unazidi urefu wa mkono, na katikati ya kofia ana ncha ngumu, kama chuchu, ya kutobolea ardhi. Ndiyo maana bibi alikuwa akiuliza, umeuchimba au umeukata? Ukichimba taratibu kwa kijiti ukakuta ule mguu unaendelea kushuka, unaendelea, unakuwa mwembamba na mweusi ukielekea kwa mchwa, umeona nyumba yake. Uyoga wangu wa uwanjani nilirudi kuuchimba wiki iliyofuata. Mguu uliishia palepale, umevimba kidogo chini, na hapakuwa na kitu zaidi. Juu ya mguu ulikuwa na pete nene ambayo ukiishika unaweza kuisogeza juu na chini kama pete ya kidoleni. Vyote viwili vilikuwepo siku ya kwanza. Sikuvitazama.

Nisiwafiche, wapo uyoga wa mchwa wasio na mzizi mrefu. Wale wadogo sana, weupe, wanaotandaza ardhi kwa mamia kama mtu amemwaga mchele, hao wanaota juu ya vipande vya sega ambavyo mchwa wenyewe wamevitoa nje. Wanaliwa, na watoto wanawapenda, lakini asiyefundishwa na mtu wa kwao asijaribu, kwa sababu uyoga mdogo mweupe ni wa aina nyingi mno. Na upande mwingine upo ule mkubwa wa nchi za miombo ambao kofia yake hufikia upana wa mita moja. Huo kwao mama anaweza kumfunika nao mtoto mvua isimpate.

Sasa tuje kwenye miti, maana hapo ndipo Mafinga inapotupa shida yake.

Kule kwetu Namtumbo, na Tabora, na Katavi, kuna misitu ya miombo. Uyoga mwingi tunaookota huko hauoti juu ya kinyesi wala kuni zilizooza. Umeshikana na mizizi ya miti iliyo hai: miyombo, mitondoro, mikusu. Nyuzi zake nyembamba zinaivika mizizi kama soksi, zinaitafutia maji na chumvichumvi za udongo, na mti unazilipa kwa sukari. Ukikata mti ukachoma mkaa, uyoga ule unakwisha, hata mvua inyeshe vipi. Huwezi kuupanda bustanini kwako. Mama zetu wa huko wanajua kwamba uyoga fulani unatafutwa chini ya mkusu, na fulani chini ya myombo, na hawahangaiki pengine.

Na katika miombo hiyo kuna uyoga mwekundu mzuri. Upo wenye rangi ya chungwa na wekundu, ambao chini hauna matamvua halisi bali mikunjo minene inayoteremka hadi mguuni. Upo mwingine wenye kofia nyekundu na mguu mweupe unaovunjika kama chaki. Binti aliyekulia huko anajua kabisa kwamba nyekundu si dalili ya ubaya.

Sasa binti huyo anaolewa Mafinga. Anaingia kwenye misonobari.

Misonobari si miti ya Afrika Mashariki, ililetwa. Na katika sehemu nyingi za Afrika wapandaji wa mwanzo waligundua kwamba mche wa msonobari unadumaa, unakuwa wa njano, mpaka uchanganyiwe udongo kutoka msitu mwingine wa misonobari. Sababu ni ileile: mti ulikuwa unamlilia mwenzake wa mizizini. Basi wenzake wakaletwa pamoja na udongo, wanaofaa na wasiofaa. Miongoni mwao yupo mwekundu mwenye madoa meupe, ambaye Ulaya wanamchora kwenye vitabu vya watoto. Anaitwa *Amanita muscaria*. Anayemla hupata kizunguzungu, akaongea maneno yasiyoeleweka kama mlevi, akaona visivyopo, akalala usingizi mzito wa kutisha. Mara chache sana anaua, lakini mtoto aliyemla anahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Mtasema, huyo si rahisi kumjua? Ana madoa. Ndugu zangu, yale madoa yamebandikwa tu, ni mabaki ya ngozi iliyomfunika alipokuwa mchanga. Mvua kubwa ya usiku mmoja inayaosha. Asubuhi anabaki mwekundu msafi, anang'aa, chini ya mti. Huyo binti wa miombo akiinama kumwokota hakosi akili, anatumia maarifa ya kwao. Ila maarifa yale yanahusu miti mingine.

Nawaomba wakwe, wifi, majirani: mgeni akija kijijini kwenu kutoka mkoa mwingine, kumwonyesha kisima na kumwonyesha shamba hakutoshi. Nendeni naye msituni mvua ya kwanza. Mwonyesheni uyoga wa hapa, na mwambieni upi hamuuli. Kumwacha agundue mwenyewe ni kumfanyia ubaya, hata kama hamkukusudia.

Jambo hili halitokei kwetu peke yetu. Mwaka 2015 wakimbizi wengi wa Syria walifika Ujerumani. Vuli ilipofika walikwenda misituni kuokota uyoga kama walivyozoea kwao, wakaokota ule unaoua kuliko wote duniani, *Amanita phalloides*, kwa sababu unafanana na mmoja unaoliwa katika nchi za Bahari ya Mediterania. Hospitali ya chuo cha udaktari cha Hannover ilipokea wagonjwa wengi hadi ikachapisha mabango ya tahadhari kwa lugha kadhaa, Kiarabu kikiwemo. Huko California nako yamewakuta watu waliohamia kutoka Kusini Mashariki mwa Asia, ambao kwao kuna uyoga wa mabua ya mpunga, mtamu, unaochipuka ukiwa ndani ya kifuko kama yai. Yule wa kifo naye huchipuka ndani ya kifuko kama yai. Watu hao hawakuwa wazembe. Walikuwa wajuzi waliohama.

Huyo *Amanita phalloides* kwao asili ni Ulaya, lakini amesafiri na miti ya kigeni hadi Afrika Kusini, Australia na Amerika. Ana kofia ya kijani cha kufifia au njano iliyopauka, matamvua meupe, pete mguuni, na chini kabisa, mara nyingi ndani ya udongo, mguu wake umesimama ndani ya kikombe cheupe. Ukimkata kwa kisu juu ya ardhi, kikombe kinabaki chini na wewe hukioni. Ndiyo sababu ya pili ya kuchimba.

Hapa wazee wa miombo watanisahihisha, na ni haki yao, kwamba kwao upo uyoga wa ukoo huohuo wa *Amanita*, wenye kikombe, unaouzwa sokoni na kuliwa vizuri miaka yote. Ni kweli. Mmoja wa ukoo huo ulipewa jina la kisayansi la Masasi, *Amanita masasiensis*, mwaka 1994, na mwingine jina la Tanzania yenyewe. Mwaka huohuo uyoga mmoja wa mchwa ukapewa jina la Singida. Watafiti kutoka Finland, akiwemo Marja Härkönen, walizunguka vijiji vyetu pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiwauliza akina mama, na kitabu chao cha uyoga wa Tanzania kilitoka mwaka 2003. Sehemu kubwa ya kilichoandikwa mle kilitoka vichwani mwa bibi zetu. Nawaheshimu wanaoula uyoga huo kwao. Lakini kwa mtu ambaye hakufundishwa na mkono wa mjuzi, na kwa sisi tulio hapa kwenye miti ya kuletwa, nasema bila kuzunguka: uyoga wenye kikombe chini na matamvua meupe, uacheni. Ladha yake haifiki thamani ya ini lako.

Sasa yale majaribio ya jikoni. Nimeyasikia yote. Eti weka kitunguu saumu sufuriani, kikibadilika rangi ni sumu. Tumbukiza kijiko cha fedha au sarafu, ikiwa nyeusi umwage. Tia punje za mchele. Angalia kama funza na konokono wameutafuna, kama wanaula nasi tule. Menya kofia, ikimenyeka ni salama. Kausha juani, sumu itatoka. Chemsha, mwaga maji ya kwanza. Naomba mnielewe: hakuna hata moja linaloweza kukuambia kitu kuhusu uyoga usioufahamu. Funza anakula *Amanita phalloides* na anaendelea na maisha yake, maumbile yake si yetu. Sumu yake haiharibiwi na moto wala jua wala chumvi. Kuchemsha na kumwaga maji kunafaa kwa baadhi ya uyoga ambao bibi zetu wanaujua kwa jina kwamba unahitaji hivyo. Hakuugeuzi wa sumu kuwa mboga.

Na lile la "mbona nimewahi kuula na sikufa"? Yupo mtaalamu wa Kijerumani, Julius Schäffer, aliyetumia maisha yake kusoma uyoga. Alikufa mwaka 1944 kwa uyoga uliohesabiwa wakati ule kuwa unaliwa. Baadaye ikajulikana kwamba uyoga ule kwa baadhi ya watu hufanya damu ijishambulie yenyewe, hata kwa mtu aliyekwisha kuula mara nyingi bila dhara.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapofia.

Uyoga ule wa uwanjani wangu ulitupiga baada ya saa mbili. Ni mateso, lakini mwili unajaribu kuutoa upesi, na kwa mtu mzima mwenye maji ya kutosha mwilini mara nyingi yanapita. Yule wa kifo anafanya kinyume. Unakula saa mbili usiku, unalala vizuri, unaamka, unakwenda shamba. Muda wa saa 6, wa saa 12, mara nyingine karibu siku nzima, unapita bila kitu. Halafu kutapika na kuharisha kunaanza, kwa nguvu, na kwa kuwa umeshakula vitu vingine katikati, unalaumu chai ya asubuhi au maji ya kisima. Siku ya pili au ya tatu unapata nafuu. Tumbo linatulia, unaomba uji, ndugu wanashukuru Mungu, wanakurudisha nyumbani. Na wakati wote huo ini linakufa. Macho yanaanza kuwa ya njano, na tangu hapo hata hospitali kubwa inahangaika.

Kwa hiyo nikisikia mtu amekula uyoga akaumwa, swali langu la kwanza ni muda. Alikula saa ngapi, ameanza kuumwa saa ngapi? Zikiwa zimepita saa 6 au zaidi kati ya kula na kuumwa, huyo ni wa kukimbizwa hospitali ya wilaya, na asiruhusiwe kurudi nyumbani kwa sababu tu amepata nafuu. Na hata kama zimepita chache, mpelekeni vilevile, kwa sababu kikapu kimoja kinaweza kuwa kimebeba aina mbili, wa haraka na wa polepole.

Pelekeni wote waliokula, hata asiyeumwa bado. Chukueni na mabaki: uyoga mbichi ulioachwa, maganda, mboga iliyobaki sufuriani, hata matapishi. Mwelezeni daktari mmeutoa wapi. Msimnyweshe mgonjwa mafuta wala maziwa mkidhani yanaua sumu, na msipoteze usiku kwa kusubiri. Kama anaweza kunywa, mpeni maji ya chumvi na sukari, yale ya kuharisha, kidogo kidogo njiani. Watoto wadogo ndio wa kwanza kuishiwa maji.

Mnaonunua barabarani, na najua wengi mnanunua kwenye sado zile pale njia kuu, nunueni uyoga mzima wenye mguu wake, msinunue uliokatwakatwa. Mwulize mwuzaji jina la kila aina na ameutoa wapi. Mama anayejua kazi yake atakujibu kabla hujamaliza kuuliza, tena atafurahi. Akisema "ni uyoga tu", endelea na safari yako. Ubebe kwenye kikapu au ungo, maana ukifungiwa ndani ya nailoni kwenye joto unaoza haraka, na uyoga mzuri uliooza nao unalaza watu. Msiuokote kandokando ya barabara kuu wala kwenye mashamba yaliyopigwa dawa, kwa kuwa unafyonza vilivyomo ardhini. Na yule asiye na bibi wala jirani wa kumfundisha, na ana hamu, uyoga uitwao mamama, ule wa kupandwa, upo sokoni, anaweza hata kuuotesha mwenyewe kwenye mabua ndani ya chumba.

Watoto nao. Watumeni kuokota pamoja na mkubwa anayejua, msiwatume peke yao. Bibi alikuwa akiutandaza uyoga wote kwenye ungo tukirudi, anapitia mmoja mmoja kwa kidole, anamtaka mtoto aliyeuokota ataje jina. Wengi wenu mna ungo nyumbani.

Haya, tuje mezani. Jana nilizunguka na vijana wawili wa hapa, tukaokota aina tano, zote ndani ya kata hii. Jioni nilikata miguu, nikaweka kila kofia juu ya karatasi, matamvua yakitazama chini, nikafunika kwa bakuli upepo usipite. Ni kazi ya usiku mmoja na haina gharama. Kumbukeni rangi hizi. Uyoga wa mchwa unaacha vumbi la waridi iliyopauka. Ukoo wa *Amanita* unaacha nyeupe, na ndiyo maana kwenye karatasi nyeupe nimepaka nusu yake masizi, lionekane. Ule wa daftari langu mnaujua. Rangi peke yake haikupi ruhusa ya kula chochote, lakini inaweza kukukataza, na kukatazwa ndicho tunachokihitaji zaidi.

Lile bakuli la bluu la mwisho limefunika kofia kubwa nyeupe tuliyoikuta kwenye majani, uwanjani hapahapa shuleni, nyuma ya goli. Mama mwenye kitenge cha njano, ndiyo wewe, njoo unisaidie kulifunua. Taratibu, shika kofia kwa juu. Inua. Wa nyuma sogeeni, muone karatasi.